Gari limeoshwa, lakini boneti bado linakwaruza kama msasa: nianzie wapi kabla ya polishi?

"Habari fundi. Nipo Tabora mjini, nina Toyota IST nyeupe niliyoinunua mwaka jana kwa mtu. Kazini naegesha chini ya mwembe, nyumbani gari linalala ubavuni mwa karakana ya jirani anayechomelea mageti. Mwezi uliopita nilikwenda nalo Kigoma, njiani nikapita kipande walichokuwa wametoka kumwaga lami. Sasa hata likitoka kuoshwa, nikipitisha kiganja kwenye boneti linakwaruza, na kuna vidoti vya rangi ya chungwa vingi mno, hasa ubavu wa kulia. Vijana wa kuosha wanasema wapitishe mafuta ya taa halafu wapige polishi kwa mashine. Fundi mmoja wa gereji anasema bodi imeanza kuoza, nipige rangi gari zima. Mwingine kaniambia kuna udongo wa kusugulia, eti hata wa kichuguu ukichekechwa vizuri unafaa. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, nianze na huyo wa kichuguu, maana ndiye aliyenitia hofu kuliko wote. Udongo huo usiufikishe karibu na gari. Hata ukiuchekecha kwa kitambaa cha chandarua, ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni jiwe gumu la kuweza kuchora kioo, sembuse rangi. Kinachoitwa udongo katika kazi yetu hakichimbwi ardhini. Ni klei, donge la plastiki laini linalonyumbulika kama ugali uliopoa, lenye chembe za kusagia ndogo sana zilizopimwa ukubwa. Mjapani Tadao Kodate alipopewa hataza yake Marekani mwaka 1995, hati haikusema udongo. Ilisema jiwe la kusagia linalonyumbulika. Mimi napenda jina hilo. Mtu akijua ameshika jiwe la kusagia, mkono wake unakuwa mwepesi wenyewe.

Sasa vidoti vyako. Fundi aliyekwambia bodi inaoza huenda hakuinama kutazama. Kutu ya bodi hutoka chini ikaja juu. Inaanzia pembezoni: chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, kwenye mshono wa buti, mahali maji na matope yanapokaa. Rangi inavimba malengelenge kwanza, ndipo doa linajitokeza. Na haina tabia ya kuchagua ubavu wa kulia ikauacha wa kushoto. Wewe umeniambia vidoti viko zaidi upande mmoja, tena vimetawanyika. Nikisoma hivyo nauliza swali moja tu: ukiegesha nyumbani, ubavu wa kulia si ndio unaotazama karakana ya jirani?

Grainda inapokata bomba la geti, zile cheche unazoziona ni vipande vidogo vya chuma cha moto. Kinachotua kwenye rangi kikiwa bado na moto wake kinayeyusha kashimo kake na kujilaza humo, kikipoa kimeshikwa. Usiku kinapata umande, mchana jua, Novemba mvua. Chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba, inapanua kashimo, inavuja ule uchungwa kwenye rangi nyeupe. Kwenye gari la kijivu ungeishi nalo miaka usione kitu. Reli nayo inatoa vumbi la namna hiyo, kutoka kwenye breki na magurudumu yanayosaga chuma kwa chuma, na mji wetu ndio unaokutanisha njia ya Dar es Salaam, ya Mwanza na ya Kigoma, kwa hiyo gari linalolala karibu na stesheni linapata fungu lake kidogo kidogo. Mengine yanakuja nalo. Nimewahi kupokea gari lenye wiki mbili tu tangu litoke bandarini, ruufu, yaani paa lake, tayari imejaa vidoti.

Jipime mwenyewe kabla hujalipa mtu. Weka kamera ya simu karibu kabisa na kidoti kimoja, ukuze picha. Kisha pitisha ukucha taratibu. Ukikuta kitu kimesimama juu ya rangi kama chembe ya chumvi mezani, na kandokando yake rangi iko nzima, hicho kimekuja kutoka nje na kitatoka. Ukikuta rangi yenyewe imeinuka, ukibonyeza inabonyea au inavunjika kama ganda la yai, hiyo ni kutu ya bodi na hapo fundi wako wa gereji ana haki. Huenda ukakuta vyote viwili kwenye gari moja. IST nyingi tulizo nazo ni za kati ya 2002 na 2007, si changa. Lakini kupiga rangi gari zima kwa sababu ya cheche za grainda ni kubomoa nyumba kwa kuwa ukuta una tope.

Ule mkwaruzo unaousikia kiganjani unaweza kuukuza pia. Osha gari, likiwa bado limelowa ingiza mkono kwenye mfuko laini wa nailoni upitishe juu ya rangi. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mfuko wa mkate unafanya kazi hiyohiyo. Nailoni inauzuia mkono usishike rangi, kila chembe inajitangaza. Anza na mlango, maliza na ruufu. Watu wanashangaa: mlango kidogo tu, ruufu kama imemwagiwa sukari. Ni kwa sababu vitu hivi vinaanguka kutoka juu.

Kwa nini basi usipige polishi tu, mashine ikamalizana na hizo chembe? Hapa naomba uvumilie kidogo. Juu ya bati la gari kuna praima, ile rangi ya msingi, kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna kliya, ile rangi angavu inayokinga jua. Vyote pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Kliya peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wako mmoja una kama 70. Kwa hiyo kinachokukinga na jua la Tabora ni chembamba kuliko unywele, na kila polishi inakula sehemu yake. Mashine ikikanyaga chembe ya chuma, mambo mawili yanatokea. Chembe nyingine inang'oka, inanaswa kwenye sponji, kisha inazungushwa maelfu ya mara kwa dakika juu ya rangi yako. Ule utando wa buibui unaouona kwenye magari meusi yakisimama juani, mara nyingi umezaliwa hivyo. Chembe nyingine inakatwa kichwa tu, mzizi unabaki ndani. Gari linatoka linang'aa, unalipa, unafurahi, na mvua mbili baadaye vidoti vimerudi palepale. Hapo ndipo wateja wanaposema polishi ni utapeli.

Nyeupe yako ina jambo lake. Nyeupe nyingi za Toyota, zile nyeupe tupu zisizo na mng'ao wa lulu, zilipigwa tabaka moja bila kliya. Ukizisugua kwa dawa yoyote yenye kusaga, kitambaa kinatoka cheupe. Usishtuke ukadhani umetoboa. Lakini pia usisugue mpaka uone kijivu cha praima.

Vijana wa kuosha siwalaumu sana. Mafuta ya taa na lami vyote vimetoka kwenye mafuta ghafi, ndiyo maana vikikutana lami inalegea. Kwenye rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, ukiweka mafuta ya taa kwenye kitambaa, ukayashikiza juu ya tone la lami kwa dakika moja au mbili, ukafuta na kuosha kwa sabuni mara moja, hutaona madhara. Tatizo ni wanavyoyatumia: wanapaka gari zima, wanaliacha linameremeta kwa mafuta, nawe unaondoka ukidhani ni mng'ao. Kufika nyumbani vumbi lote la barabarani limenata. Na kwa chuma au chumvi ya maji hayasaidii lolote. Petroli usikubali kabisa, kwa ajili ya moto kwanza, na pia inakausha raba na plastiki. Thina ndiyo mbaya zaidi, hasa kama kuna mlango uliopigwa rangi mtaani. Na kuna mtu atakushauri maji ya betri kwa vile vidoti, kwa kuwa asidi inakula kutu. Ni kweli inakula. Itakula kutu, rangi, bati na vidole vyako kwa mpangilio huo. Stilwaya nayo ni vichekesho: unasugua chuma kwa chuma na kuacha nyuzi nyingine zikaote kutu.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha uchafu wako, maana kwa maelezo yako unao wa aina nne hivi na kila mmoja unashika rangi kwa njia yake.

Vidoti vyeusi nyuma ya magurudumu na chini ya milango ni lami. Hivyo nimeshavisema, ukipata dawa ya lami ya dukani tumia hiyo, ukikosa, mafuta ya taa kwa nidhamu niliyoeleza, doa kwa doa.

Mwembe unaleta mambo matatu ambayo watu wanayachanganya. Kile kinachonata kwenye kioo cha mbele kama soda iliyomwagika si utomvu. Ni maji ya sukari yanayodondoshwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, na kwa kuwa ni sukari, maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Ukiacha, ukungu mweusi unaota juu yake. Utomvu wenyewe ni kitu kingine. Mtoto yeyote wa Tabora aliyekula embe bila kufuta kikonyo anajua unavyobabua midomo. Kwenye rangi unakauka kuwa tone gumu la rangi ya kahawia. Usiubandue kwa kucha wala wembe. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto yanayovumilika mkononi, kilaze juu ya tone dakika kadhaa, kisha malizia na spiriti ya hospitali kwenye pamba, ukigusa na kuinua bila kusugua. Cha tatu ni mavi ya ndege na popo. Hapo nikwambie ukweli usiopendwa: ukishayafuta na kubaki na kivuli chenye umbo lilelile, hicho kivuli si uchafu tena. Rangi imelainika kwa joto, kinyesi kimekauka juu yake, kimeitafuna. Hakuna klei wala dawa ya kukiondoa. Ni kazi ya polishi, na kikiwa kirefu hata polishi utaiacha njiani. Mambo haya yanapimwa kwa saa, hasa juani, kwa hiyo weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti. (Ukiona matone madogo ya njano nayo, hasa ukitoka mashambani, ni mavi ya nyuki. Mkoa wa asali huu. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, yanatoka.)

Kuna na miduara myeupe ya maji yaliyokaukia juani. Kama gari limewahi kuoshwa kwa maji ya kisima, hiyo ni chokaa na chumvi nyingine zilizobaki maji yalipopaa. Sabuni haiziwezi. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inaziyeyusha: lowesha, subiri dakika moja, suuza kwa maji mengi. Gari liwe kivulini na bati limepoa.

Chuma ndicho kinachohitaji dawa yake hasa, na ndicho kinachokusumbua wewe. Dawa ya chuma kwenye maduka ya Tabora si kitu cha kukuta kila siku. Wengi wetu tunaagiza Dar es Salaam, inakuja na basi. Ukiifungua utaikimbia. Inanuka yai viza. Akina mama waliowahi kuweka kalikiti saluni wataitambua, maana kiambato ni kilekile cha kulegeza nywele, thioglikolati ya amonia. Kwenye gari kazi yake ni kukamata chuma chenye kutu na kukigeuza kitu kinachoyeyuka majini, na kitu hicho kina rangi. Unapuliza mlango mweupe, unasubiri. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, kila kidoti kinaanza kuvuja zambarau, kisha michirizi inateremka mpaka chini, utadhani mtoto amekula zambarau akajifutia mlangoni. Wateja wengi wanapiga picha hapo. Mimi natazama saa. Dakika tatu hadi tano, kadiri chupa yenyewe inavyosema, isikauke, kisha suuza. Vaa glovu, simama mahali penye hewa, usipulize bati likiwa la moto. Kwa ubavu wako wa kulia nadhani utahitaji raundi mbili, na ni afadhali raundi mbili za dawa kuliko kusugua mara moja kwa nguvu. Dawa inaufuata mzizi uliko ndani ya kashimo, jambo ambalo klei haiwezi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: osha, lami, utomvu, chumvi, chuma, osha tena, na ndipo klei kwa kilichobaki. Kuosha kwenyewe kusiwe kwa sabuni ya unga. Ina ukali wake, na punje ambazo hazijayeyuka ni mchanga mwingine. Kwa siku hii moja, kabla ya polishi, sabuni ya maji ya vyombo inakubalika, kwa kuwa hata waksi ya zamani unataka iondoke. Siku nyingine nunua sabuni ya gari. Na uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Ukitumia moja, vumbi la boneti unalirudisha mlangoni. Fanya haya alfajiri, gari likiwa kivulini, na mimi nashauri kivuli cha ukuta, maana ukilipeleka chini ya mwembe utasafisha huku mwembe unachafua.

Klei sasa. Nunua laini, ile wanayoiita ya daraja jepesi. Ya wastani na kali waachie wenye kazi. Kata kipande, usitumie bonge zima, kikande mkononi mpaka kiwe laini, kisha kibonyeze kuwa bapa kama chapati ndogo ya mtoto. Kwenye ndoo weka maji na sabuni kidogo ya gari, yateleze kweli ukiyapima kwa vidole. Maji matupu hayafai, klei inang'ang'ania rangi na kuacha alama. Lowesha eneo la nusu mita kwa nusu mita, lowesha na klei, kisha telezesha mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, uzito ukiwa wa vidole tu. Usizungushe. Alama ya mstari ulionyooka ni rahisi kuiondoa kwa polishi kuliko duara.

Sikiliza. Mara ya kwanza klei inatoa sauti, kwaru kwaru, na unaisikia ikikwama kwenye ncha za vidole. Baada ya kwenda na kurudi mara tano au sita sauti inafifia, halafu mkono unateleza kama juu ya kioo kilichopakwa sabuni. Hapo umemaliza eneo hilo, usiendelee kwa ajili ya utamu. Geuza klei uitazame: utaona vijidoa vya kahawia vimezama ndani. Ikunje uchafu uende katikati, utoe uso mpya. Joto letu linailainisha haraka. Ikianza kunata na kuacha utepe kwenye rangi, itumbukize kwenye maji ya baridi kidogo, na gari nalo lisogeze kivulini.

Ikidondoka chini, itupe. Sikilizi "nimeiokota haraka". Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliangusha klei pembeni mwa Crown nyeusi, nikaifuta kwenye suruali, nikaendelea. Haikupita dakika, nikaona mstari mweupe mrefu kama chaki kutoka kwenye kitasa mpaka kwenye digadi. Punje moja ya mchanga. Mwenye gari alikuwa muungwana, hakusema neno, alisimama tu akautazama. Nilipiga polishi ile milango siku mbili bila kudai senti, na hadi leo nikitazama kwa pembe fulani naujua mahali ulipo.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Klei inaacha mikwaruzo midogo midogo, hata ya daraja jepesi, hata mkononi mwa mjuzi. Kwa kuwa wewe unakusudia kupiga polishi baadaye, si neno, polishi itaifuta. Lakini mtu asiyekusudia polishi asiwe anasugua klei kila baada ya miezi mitatu kwa mazoea. Aoshe vizuri, atumie dawa ya chuma, aishie hapo. Nikipita na mfuko wa mkate baada ya dawa nikakuta mlango umekuwa laini, mlango huo siugusi na klei. Mara nyingi ninachosugua ni boneti, ruufu na buti peke yake.

Ukifika kwenye polishi, anza na eneo dogo, upana wa viganja viwili, kwa dawa nyepesi kuliko zote na sponji laini. Ikitosha, imetosha. Usianze na ile kali kwa kuwa fundi ana haraka. Na mara baada ya polishi paka waksi au silanti (kinga ya dukani inayofanya kazi ya waksi) siku hiyohiyo, kwa sababu rangi uliyoisafisha hivi iko uchi kabisa.

Wapi unahitaji mtu wa kulitazama gari kwa macho? Kwanza, kama ule ukucha wako umekuta malengelenge. Pili, kama kuna sehemu kliya inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua, au rangi imepasuka nyufa nyembamba. Hapo klei itanasa kingo na kuzikuza, na polishi itamaliza kabisa. Tatu, na hili nalitilia mkazo kwa kuwa ulinunua kwa mtu: hujui mlango upi uliwahi kupigwa rangi mtaani. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina kidogo sana, gusa mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango ule unaoutilia shaka. Rangi ikitoka kwenye kitambaa papo hapo, hiyo ni rangi ya selulosi, ile inayoyeyuka kwa thina hata ikishakauka, haivumilii mafuta wala spiriti, na mashine itaila upesi. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi atakwambia kwa sekunde: akisoma maikroni 300 mahali ambapo kwingine ni 120, kuna rangi ya pili au puti chini yake; akisoma chini ya 80, mwambie asiguse na mashine. Fundi anayetaka kuanza polishi bila kupima wala kupapasa, wewe chukua funguo zako.

Vioo navyo vitazame. Cheche za grainda zinaingia kwenye kioo pia, na huko zinaacha vishimo visivyozibika. Klei itaondoa chuma, kishimo kitabaki.

Jirani hana kosa, anatafuta riziki. Mwombe akisimamia grainda aelekeze cheche ukutani, au asimamishe bati la zamani katikati, la sivyo lisogeze gari upande wa pili wa nyumba. Turubai siipendekezi, kwa vumbi letu, kila ukilivuta juu ya gari lisilooshwa unapiga msasa mwenyewe.

Mvua ya kwanza ikishapita, ngoja wiki moja, kisha rudi na mfuko wako wa mkate kwenye ubavu wa kulia. Vikichomoza vidoti viwili vitatu mahali palepale, ni mizizi iliyobaki. Puliza dawa ya chuma hapo tu, klei iache kwenye kopo lake.